Mkulima wa Lugoba asiuziwe mbuzi kwenye gunia

Mkulima wa mahindi wa Lugoba, katika Halmashauri ya Chalinze mkoani Pwani, ana misimu miwili ya mvua, vuli na masika, na siku hizi hakuna hata mmoja anaoweza kuuapia. Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipungua hadi mamlaka ya maji, DAWASA, ikatangaza mgawo wa maji Dar es Salaam. Habari ile iliandikwa sana kwa kuwa mabomba ya mjini yalikauka. Shamba la mahindi linapokauka Lugoba, Talawanda au Kibindu, hakuna anayetangaza chochote. Mwenye shamba hung'oa mabua, huwaachia ng'ombe na kuanza kuhesabu miezi hadi mvua nyingine.

Wakati huohuo, katika maduka ya pembejeo nchini zinauzwa chupa ambazo wakulima wameziita kwa jina moja, busta. Baadhi ni mbolea za majani tu. Nyingine zina homoni za mimea, na wauzaji huzinadi kwamba zitaufanya mmea ustahimili jua. Mkulima huipima dawa kwa kizibo, huichanganya kwenye bomba la kunyunyizia na kuomba Mungu. Hajui kilichomo, hajui kinafanya nini ndani ya mmea, wala hajui ni siku gani ya maisha ya mhindi kinafaa au kinadhuru. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kosa hilo si la mkulima. Ni la taasisi zilizopewa fedha, sheria na wataalamu ili mkulima asifikie hapo.

Msimamo wetu ni huu: elimu ya homoni za mimea imekomaa kiasi cha kumsaidia mkulima wa nafaka wakati wa ukame, na wenye dhamana ya kilimo nchini wana wajibu wa kuipima kwenye udongo wa Pwani, kutangaza matokeo kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kuzuia kila kisichopimwa kisiuzwe.

Kwanza ifahamike tunazungumzia nini. Homoni ya mmea ni kemikali ambayo mmea wenyewe huitengeneza, kwa kiasi kidogo mno, ili sehemu moja iiarifu sehemu nyingine la kufanya. Katika miaka ya 1960 makundi mawili ya watafiti, la Frederick Addicott nchini Marekani lililochunguza vitumba vya pamba vinavyopukutika, na la Philip Wareing nchini Uingereza lililochunguza miti inayolala majira ya baridi, yalifikia kemikali ileile: asidi ya absisiki. Mizizi ikikutana na udongo mkavu, asidi hii huongezeka ndani ya mmea, na ikifika kwenye majani huyaamuru yafunge vitundu vyake vidogo vya kupumulia. Maji hubaki ndani. Mwaka 2009 maabara mbili, ya Sean Cutler huko California na ya Erwin Grill huko Ujerumani, zilitambua protini zinazopokea amri hiyo. Tangu hapo watafiti wameweza kubuni kemikali zinazoiiga. Mojawapo, opabaktini, ilitangazwa mwaka 2019.

Lakini kitundu kilichofungwa kuzuia maji yasitoke huzuia pia hewa ya ukaa isiingie, na bila hewa hiyo jani halitengenezi wanga. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Amri ya kufunga ikitolewa mahindi yakiwa machanga, inaweza kuuokoa mmea hadi mvua irudi. Ikitolewa wakati mbelewele zinamwaga chavua na ndevu zinachomoza, gunzi linaweza kubaki mapengo matupu. Siku zinazozunguka kuchanua ndizo mahindi huumia zaidi kwa ukame: ndevu huchelewa, chavua hupita, punje hazishiki. Anayeuza homoni bila kumwambia mkulima habari ya siku hizo anamuuzia hatari kwa bei ya dawa.

Asidi ya absisiki haifanyi kazi peke yake. Ethilini, homoni ileile inayoivisha ndizi, huongezeka mmea ukiteseka na huyaharakisha majani kuzeeka. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya DuPont Pioneer walionyesha kwamba mahindi yaliyohaririwa jeni moja, ili yasiitii sana ethilini, yalitoa mavuno mengi zaidi pale maji yalipopungua wakati wa kuchanua. Sitokinini hufanya kinyume cha ethilini: hulichelewesha jani kuzeeka. Wanaolima mtama wanaijua ile mimea ambayo suke hukomaa huku majani yakiwa bado kijani katika jua kali. Wazalishaji wa mbegu wamekuwa wakiitafuta sifa hiyo kwa makusudi.

Na jiberelini, homoni nyingine, haikuanza kutumika Lugoba leo. Kila anayetengeneza kimea cha togwa huitumia bila kuitaja. Nafaka ikilowekwa, kiini cha mbegu hutoa homoni hiyo, nayo huamsha vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Kuloweka mbegu za mahindi au mtama usiku mmoja kabla ya kupanda, kisha kuzianika kidogo hadi ngozi ikauke, huanzisha kazi hiyohiyo. Majaribio yaliyofanywa na wakulima wenyewe India na Zimbabwe yalionyesha kwamba mbegu zilizolowekwa huchomoza mapema kuliko zisizolowekwa, na mche unaowahi kuchomoza huwahi pia kushusha mizizi unyevu ungali karibu. Njia hii haina chupa wala risiti. Hata hivyo ina masharti: mbegu iliyopakwa dawa haifai kulowekwa kiholela, na muda ukizidi, mbegu huchipua na kufia kwenye udongo mkavu. Saa ngapi zinatosha kwa kila aina ya mbegu inayopandwa Pwani? Swali hilo halihitaji maabara ya mabilioni. Linahitaji ndoo, saa, vitalu vichache na mtaalamu aliyetoka ofisini.

Kuna wanaodhani homoni ni jambo geni la kujaribiwa siku zijazo. Wamechelewa. Dawa ya magugu iitwayo 2,4-D, inayonyunyiziwa mashamba ya mpunga, miwa na mahindi, ni homoni ya kutengenezwa inayoiga homoni ya mimea iitwayo oksini. Huua magugu ya majani mapana kwa kuyakuza hovyo na kuyaacha mahindi, lakini huua pia kunde na maboga yaliyochanganywa humo, na ikipuliziwa mahindi yaliyokwisha kurefuka huyafanya mabua yavunjike kirahisi. Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba mpunga uliokuwa ukirefuka kupita kiasi na kuanguka uliathiriwa na kemikali ya kuvu. Kemikali hiyo ndiyo baadaye ikaitwa jiberelini. Homoni ileile inayoamsha mbegu ndiyo inayoulaza mmea ikizidi. Kinyume chake, ngano fupi za Norman Borlaug, zilizomletea Nobeli ya Amani mwaka 1970, zilikuwa fupi kwa sababu haziitii jiberelini ipasavyo, na mwaka 1999 jeni lenye siri hiyo lilitambuliwa. Mamilioni ya watu walilishwa kwa kurekebisha utii wa mmea kwa homoni moja. Si jambo la kuachiwa vizibo na kubahatisha.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni kiduha, gugu lenye maua ya kupendeza linalojishika kwenye mizizi ya mahindi na mtama na kunyonya maji na chakula chake. Mmea wenye njaa ya fosfati hutoa mizizini homoni ziitwazo strigolaktoni, ukiwaita kuvu rafiki wa udongo waje kuusaidia. Mbegu za kiduha, zinazoweza kulala ardhini miaka mingi, huusikia mwito huo na kuota. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walieleza kwa nini ukame huzidisha dhuluma hii: kiduha hakiitii amri ya asidi ya absisiki. Wakati mhindi umefunga vitundu vyake kuhifadhi maji, kiduha kimeviacha vyake wazi na kinaendelea kuvuta maji kutoka kwa mwenyeji wake.

Jibu mojawapo lilikwisha kufika nchini. Gebisa Ejeta, mtaalamu wa mtama mzaliwa wa Ethiopia aliyetunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009, alizalisha na wenzake mtama ambao mizizi yake haiamshi mbegu za kiduha kwa urahisi. Mwaka 2002 Tanzania iliidhinisha aina mbili za ukoo huo, zikapewa majina ya Kiswahili: Hakika na Wahi. Hiyo ni elimu ya homoni iliyowekwa ndani ya mbegu, bila chupa na bila kuongeza gharama ya kunyunyizia, na imekuwa mali ya nchi hii kwa zaidi ya miaka 20. Tunawauliza Wakala wa Mbegu za Kilimo na Halmashauri ya Chalinze: mkulima wa Lugoba akiihitaji Hakika kabla ya masika, aende duka gani? Taasisi isiyoweza kujibu swali hilo kwa jina la duka na bei ya kilo haijamaliza kazi yake, hata kama ripoti zake zimejaa.

Jibu jingine, la ukame wenyewe, huenda liko baharini, upande wa pili wa barabara ya Msata hadi Bagamoyo yenye urefu wa kilomita 64. Wanawake wa Mlingotini na vijiji vingine vya pwani hiyo wanalima mwani, wanaukausha, na sehemu kubwa huuzwa nje ya nchi kama malighafi. Mwani aina ya kotonii, ukikamuliwa ungali mbichi, hutoa maji yenye sitokinini, oksini na jiberelini. Taasisi ya utafiti ya chumvi na kemikali za bahari iliyoko Bhavnagar, India, iliyageuza maji hayo kuwa kinyunyizio cha mazao, na watafiti wake wamechapisha matokeo kwamba mahindi yaliyonyimwa maji yakinyunyiziwa hupunguza hasara ya mavuno. Wahindi wanakamua maji hayo kwa faida yao. Sisi tunayaacha yakauke juu ya vichanja. Kotonii ina matatizo yake: bahari ikipata joto huugua na kufa, na wakulima wengi wamelazimika kuhamia mwani aina ya spinosamu wenye bei ndogo. Ndiyo maana jambo hili linahitaji watafiti, si matangazo. Je, maji ya mwani wa Bagamoyo yanafaa kwa mahindi ya Lugoba, kwa kipimo gani, siku gani baada ya kupanda, na kwa gharama ipi? Mwenye jukumu la kujibu ni nani, na atajibu lini?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Serikali imeongeza bajeti ya Wizara ya Kilimo kutoka takriban shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi takriban bilioni 970 mwaka 2023/24. Aprili 2022, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan aliwakabidhi maafisa ugani pikipiki na vifaa vya kupimia udongo. Hizo ni hatua za kweli na tunazipongeza. Lakini pikipiki ni chombo cha kumfikisha bwana shamba kwa mkulima. Haimwambii aseme nini akifika. Akifika bila matokeo yaliyopimwa, atarudia maneno ya mwenye duka, na safari itakuwa imepotea pamoja na mafuta.

Tunakumbuka pia yaliyotokea Makutupora, Dodoma. Oktoba 2016 yalianza pale majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yastahimili ukame. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru yasimamishwe, na mwaka 2021 waziri wa wakati huo, Adolf Mkenda, akatangaza kusitishwa kwa majaribio ya aina hiyo. Hatufungui upya mjadala huo hapa. Tunasema jambo moja tu: Serikali ina haki ya kuifunga njia moja, lakini kuifunga hakufuti swali la ukame. Njia nyingi za homoni hazihitaji uhandisi wa vinasaba kabisa: kuloweka mbegu, kunyunyizia maji ya mwani, kuchagua kwa uzalishaji wa kawaida mbegu zinazochanua mapema au zinazobaki kijani. Aliyefunga mlango mmoja kwa niaba ya wakulima ana deni la kuwaonyesha mwingine.

Basi tuseme wazi wajibu wa kila mmoja.

Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, ina vituo Mikocheni, Kibaha na Ilonga, vyote katika ukanda unaoizunguka Lugoba. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro, mwendo wa saa chache. Kwa pamoja vianzishe majaribio ya vuli na masika katika mashamba ya wakulima wa kata za Chalinze: kuloweka mbegu, maji ya mwani, na busta zinazouzwa madukani, kila moja kando ya kitalu kisichowekwa kitu. Bila kitalu hicho cha kulinganisha, hakuna anayeweza kudai dawa imefanya kazi. Mvua moja nzuri inatosha kuipa sifa chupa ya maji ya bomba. Matokeo yatangazwe yote, mazuri na mabaya. Utafiti unaotangaza mafanikio tu na kufunika kushindwa unamdanganya mkulima kwa fedha zake mwenyewe za kodi.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, zikae meza moja. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, huhesabu vidhibiti ukuaji wa mimea katika kundi la viuatilifu. Chupa moja inaweza kuwa mbolea kwa maandishi yake ya nje na kidhibiti ukuaji kwa kilichomo ndani. Bidhaa ya namna hiyo isipite katikati ya mamlaka mbili, kila moja ikidhani mwenzake ndiye mlinzi. Kila chupa yenye homoni itaje homoni hiyo kwa jina, kiasi chake kwa lita, zao na hatua ya ukuaji, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Isiyotaja iondolewe sokoni.

Halmashauri ya Chalinze isisubiri Dodoma. Inakusanya ushuru wa mazao ya wakulima hawa na wa kokoto za Lugoba. Itenge sehemu yake kwa mashamba darasa, angalau moja kwa kila kata inayolima nafaka. Shule za sekondari zenye ardhi, Lugoba ikiwemo, zinaweza kuwa na vitalu ambako wanafunzi wa baiolojia wataiona kwa macho asidi ya absisiki ikifanya kazi, badala ya kuikariri kwa ajili ya mtihani. Madiwani wadai ripoti ya majaribio hayo kwenye baraza kama wanavyodai ripoti ya barabara.

Wenye maduka ya pembejeo nao wana wajibu. Biashara ya mbegu na dawa inasimama juu ya uaminifu wa mtu asiyeweza kuipima bidhaa kabla ya kulipa. Anayemwambia mkulima kwamba chupa itamaliza ukame anasema uongo, kwa kuwa hakuna homoni inayoleta maji. Homoni huusaidia mmea kuyatumia vizuri maji yaliyopo, au kusubiri yajayo kwa siku kadhaa. Udongo usiposhika unyevu, palizi isipofanyika, mbegu ikiwa ya muda mrefu mno kwa mvua fupi za vuli, homoni haitaokoa shamba. Anayeyajua haya akanyamaza ili auze ni mshiriki wa hasara.

Wakulima hatuwaachi kando. Mkulima ana haki ya kuuliza na wajibu wa kuuliza. Adai namba ya usajili wa bidhaa, adai risiti, aache mistari michache ya shamba bila dawa ili ajionee tofauti, na aandike tarehe ya kupanda na ya kunyunyizia. Kumbukumbu hizo zikikusanywa na vikundi vya kijiji zitakuwa ushahidi ambao hakuna muuzaji wala mtafiti atakayeweza kuupuuza.

Katika mikutano ya kilimo ukame huzungumzwa kana kwamba ni jambo la Mungu peke yake. Mvua ni ya Mungu. Mbegu iliyoidhinishwa mwaka 2002 isiyojulikana inapatikana wapi, chupa isiyotaja kilichomo na jaribio lisilofanywa ni kazi za watu wenye majina, vyeo na mishahara. Watu hao wawajibike. TARI na Halmashauri ya Chalinze zitangaze kabla ya masika ijayo majaribio yataanza kata zipi, chini ya nani, na matokeo yatasomwa lini mbele ya wakulima. Hadi hapo, tunamshauri kila mkulima wa Lugoba: chupa isiyotaja homoni yake na isiyo na namba ya usajili, iache palepale dukani.